Bunduki ya Kale ya Kijeshi Iliyochezewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Umerithi, umeuziwa au umeikuta darini bunduki ya kijeshi ya enzi za vita vikuu, na haifanani na ile ya kwenye picha. Mbao ya mbele imekatwa katikati, mtutu unaonekana mfupi, juu yake kuna matobo ambayo huyaelewi, na kitako kimepakwa vanishi inayong'aa kama meza ya sebuleni. Nimeshika nyingi za namna hiyo, na karibu kila mwenye nayo huanza kwa kuuliza bei. Bei nitaifikia. Kabla yake kuna maswali mawili mazito zaidi: je, itamuumiza anayeishika, na je, lililofanywa linaweza kurudishwa? Mtu akiyajibu hayo, mengine yote hujipanga.

Nitatumia maneno haya: nyumba ya bolti ni ule mwili wa chuma ambamo bolti huingia na kutoka, chemba ni mahali risasi inapokaa, mwanzo wa mtutu, meno ya bolti ni zile nundu zinazoifungia bolti isirudi nyuma risasi inapolipuka.

Nimeipata leo. Nianze na nini?

Hakikisha haina risasi. Elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, usiguse kifyatulio, fungua bolti, toa magazini kama inatoka, kisha tazama ndani ya chemba na uipapase kwa kidole kidogo. Fanya hivyo hata kama uliambiwa imening'inia ukutani miaka 50. Bolti ikiwa imeganda kwa kutu, usiipige nyundo wala kuilazimisha. Iache kama ilivyo mpaka fundi bunduki aione, kwa sababu huwezi kujua kilicho nyuma yake.

La pili ni sheria. Nchi hazifanani hata kidogo katika jambo hili. Marekani, sheria ya shirikisho huiita ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Kwingine umri haukusaidii chochote na kila kitu kinachoweza kufyatua ni silaha inayohitaji leseni. Uliza kabla ya kuisafirisha, si baada ya kusimamishwa njiani.

La tatu: usiisafishe bado. Nitaeleza sababu.

Kwa nini bunduki nyingi za kijeshi zilikatwakatwa?

Baada ya mwaka 1945 majeshi yalibaki na mamilioni ya bunduki za bolti ambazo hayakuzihitaji tena. Ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Marekani ziliagizwa hata kwa posta, mpaka sheria ya mwaka 1968 ilipokomesha biashara hiyo. Mwindaji aliyetaka bunduki nyepesi aliona afadhali anunue ya jeshi, aikate mbao, apunguze mtutu na kufunga darubini, kuliko kununua mpya. Wakati ule hakuna aliyefikiri kwamba siku moja zitatafutwa zikiwa kamili.

Lakini usichanganye kazi ya msumeno wa gereji na kazi ya bwana. John Rigby wa London alijenga bunduki za uwindaji juu ya nyumba za bolti za Mauser, Griffin & Howe wa New York walizigeuza Springfield za jeshi la Marekani kuwa vitu vya kupendeza, na Parker-Hale wa Birmingham waliuza Lee-Enfield za jeshi la Uingereza zilizogeuzwa kwa utaratibu wa kiwandani. Ukikuta jina la namna hiyo kwenye mtutu, simama. Bunduki hiyo ina thamani yake kama ilivyo, na kuirudisha kwenye sura ya kijeshi ni kuiharibu mara ya pili.

Nitaitambuaje ikiwa maandishi yote yamesagwa?

Kwa umbo. Maandishi husagika, lakini mtengenezaji hakuweza kuficha jinsi bunduki inavyofanya kazi. Fungua bolti taratibu na usikilize mkono wako.

Mauser ya mwaka 1898 na wajukuu wake hukaza pini ya kufyatulia wakati unapoinua mkono wa bolti. Ubavuni mwa bolti kuna ukucha mrefu wa kutolea maganda, ambao hauzunguki bolti inapozunguka. Mbele kuna meno mawili makubwa, na nyuma jino la tatu la akiba.

Lee-Enfield hukaza pini wakati unasukuma bolti mbele; utausikia ugumu mwishoni mwa safari. Meno yake yako nyuma, magazini ya risasi 10 hutokeza chini, na mbao ni vipande viwili: kitako kimoja, mbao ya mbele nyingine, katikati pamekaa shingo ya chuma. Ile shingo ndiyo kitambulisho. Hata mtu akiikata vipi, shingo haiondoki.

Mosin-Nagant ya Kirusi ina mkono mfupi ulionyooka, kichwa cha bolti kinachotengana na mwili wake, na magazini ya risasi 5 mbele ya kifyatulio. Nyumba ya bolti yenye pembe ni ya zamani. Ya mviringo ilianza katikati ya miaka ya 1930. Arisaka ya Japani utaijua kwa kofia ya duara nyuma ya bolti, ambayo husukumwa kwa kiganja na kuzungushwa ili kuifunga. Krag-Jørgensen ina mlango wa magazini ubavuni, upande wa kulia. Martini-Henry ya Kiingereza haina bolti kabisa: ina mkono wa chini, ukiushusha chemba inafunguka.

Kuna moja inayowachanganya wengi. Bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1888 huuzwa kila siku kwa jina la Mauser, kumbe ilibuniwa na tume ya jeshi. Mtutu wake umevishwa bomba jembamba la chuma. Ukiona hilo bomba, au alama kwamba lilikuwepo, acha kila kitu na usome swali la risasi hapa chini, kwa sababu kosa hapo ni kosa la hatari.

Chapa zilizobaki zinaniambia nini?

Mara nyingi zaidi ya alivyokuambia muuzaji. Kwenye Lee-Enfield fupi ya kizazi cha kwanza, tazama upande wa kulia wa ile shingo: taji, herufi za mfalme, kiwanda na mwaka. Viwanda vyake ni kama Enfield, BSA, Lithgow ya Australia na Ishapore ya India. Kwenye K98k, ile Mauser fupi ya jeshi la Ujerumani, juu ya pete ya mbele ya nyumba ya bolti kuna msimbo wa kiwanda na mwaka: byf ni Mauser wa Oberndorf, bnz ni Steyr, dot ni Brno. Kwenye Mosin, nyota yenye mshale ni Tula, pembetatu yenye mshale ni Izhevsk, na SA ndani ya kisanduku ni jeshi la Finland.

Linganisha namba. Bolti, nyumba ya bolti, na kwenye Mosin pia bamba la magazini na bamba la kitako, vilitoka kiwandani vikiwa na namba moja. Zisipofanana, bunduki hiyo imeunganishwa kwa vipande, na bolti ngeni ni jambo la usalama kabla ya kuwa jambo la bei.

Usisahau yaliyojificha. Aliyesaga juu mara nyingi hakufungua mbao. Chini ya mtutu, mahali ambapo mbao huufunika, chapa za kiwanda na za ukaguzi hubaki mbichi kama siku zilipogongwa. Ila uifungue kwa bisibisi inayojaza mfereji wa skrubu. Bisibisi nyembamba itavunja kingo, nawe utakuwa umeongeza jeraha lako.

Kwenye mtutu wangu wameandika .303, 2.222" na 18.5 TONS. Ni uharibifu?

La. Hizo ni chapa za majaribio ya kiraia ya Uingereza, zinazogongwa bunduki ya jeshi inapoingia sokoni: ukubwa wa risasi, urefu wa ganda kwa inchi na shinikizo la juu la risasi zake kwa tani. Taji juu ya BNP ni nyumba ya majaribio ya Birmingham. Zinaeleza bunduki ilipotoka. Ila zilieleza hali yake siku ile tu. Kama imekatwa au kutobolewa baadaye, jaribio lile halihesabiki tena.

Nitajuaje kama mtutu umekatwa?

Pima. Bunduki ikiwa tupu na bolti imefungwa, ingiza fimbo ya mbao kutoka mdomoni mpaka iguse uso wa bolti, weka alama sawa na mdomo, itoe uipime. Gewehr 98, yaani ile Mauser ndefu ya mwaka 1898, inapaswa kuwa na mm 740, K98k mm 600, Lee-Enfield fupi na ile ya Namba 4 mm 640, Springfield ya 1903 mm 610, Mosin 91/30 mm 730. Kipimo kikipungua kwa sentimita kadhaa, msumeno umepita.

Halafu angalia mdomo wenyewe. Kiwandani, ukingo wa ndani hulainishwa uwe sawa pande zote, kwa sababu risasi inayotoka huachwa na mtutu hapo, na kasoro ndogo upande mmoja huisukuma kando. Mtutu uliokatwa kwa mkono huwa na uso uliolala kidogo upande mmoja, mikwaruzo ya tupa, na kilengeo cha mbele kilichofungwa kwa solda inayovuja pembeni. Ukiuelekeza kwenye dirisha utaona.

Ujihadhari na kosa la kinyume: si kila fupi imekatwa. Mosin za M38 na M44 zilizaliwa fupi. Lee-Enfield ya Namba 5, ile ya msituni ya mwaka 1944, nayo ni fupi kwa asili, lakini imeigwa mno kwa kukata za Namba 4. Ya kweli imechongwa kupunguzwa uzito kwenye nyumba ya bolti na kwenye sehemu nene ya mtutu, chini ya mbao. Wa kuiga hawakuhangaika kuchonga mahali pasipoonekana.

Kuna matobo juu ya nyumba ya bolti. Ni mabaya kiasi gani?

Haya ndiyo yanayoniumiza zaidi, maana hayarudi. Mbao hubadilishwa, kilengeo hubadilishwa, hata mtutu hubadilishwa na fundi hodari. Nyumba ya bolti ndiyo bunduki yenyewe, namba iko juu yake, na tobo likishapigwa limepigwa.

Niliwahi kuletewa K98k iliyopigwa matobo manne ya darubini. Mpigaji hakutumia kielekezi. Alitumia jicho na keekee ya mkono. La kwanza lilikuwa katikati. La pili lilikuwa limehama mm 2 kushoto, likiwa limekula mguu wa herufi y ya byf, hivyo ukiisoma haraka unaona b, doa jeusi, na f. Chini yake 43 imebaki safi. Ndani, ukipitisha kidole kwenye njia ya bolti, uzi wa skrubu moja ulikuwa umetokeza karibu na jino la kushoto. Bolti ilipita, ila ilikuwa imeanza kuchubuka mstari mwembamba unaong'aa. Mwenyewe alikuwa akiitumia hivyo kwa miaka.

Kwa hiyo tazama mambo matatu: yako kwenye mstari mmoja? Yametoboka hadi ndani, hasa kwenye pete ya mbele ambapo meno hufungia? Kuna nyufa zinazotoka kwenye kingo zake? Tobo lililojazwa kwa kuchomelea si tiba. Moto wa kuchomelea kwenye pete ya mbele huharibu ugumu wa chuma mahali palepale kinapobeba mlipuko. Bunduki ya namna hiyo kwangu ni ya kutundika, haipigwi tena.

Je, kila tobo ni la mtu wa gereji?

Hapana, na hapa watu hupoteza mali. Lee-Enfield Namba 4 za wadunguaji zilibadilishwa na Holland & Holland wa London, wakaweka mashina ya darubini upande wa kushoto. Tafuta herufi T upande huo huo wa nyumba ya bolti, S51 chini ya kitako, na namba ya darubini iliyogongwa juu ya shingo ya mbao. Mosin za wadunguaji nazo nyingi zilivuliwa darubini na jeshi lenyewe, matobo yakazibwa na kulainishwa. Ukiona viraka viwili vya duara kushoto, usiite uharibifu kabla ya kuuliza.

Na mbao? Hiyo si kitu cha kubadilisha tu?

Ndiyo na hapana. Ikiwa mbao ya mbele imekatwa lakini mtutu una urefu wake kamili, hiyo ni habari njema kuliko zote, na hutokea sana kwenye Lee-Enfield: mwindaji aliondoa kofia ya mdomoni na kibanio cha singe, akakata mbao, akaacha chuma. Bunduki hiyo inarudi.

Kitako kilichopigwa msasa ni hadithi nyingine. Panga kidole chako pale mbao inapokutana na bamba la chuma la kitako. Kiwandani vilikuwa sawa, kidole kinapita bila kugundua. Chuma kikitokeza juu ya mbao, mbao imepunguzwa, na pamoja nayo zimeondoka chapa za wakaguzi, namba ya kikosi, na kingo kali za mchongaji. Nilifanya kosa hilo mwenyewe nilipokuwa mgeni. Nilisugua kitako cha Mosin kwa sufi ya chuma nikitaka kuondoa uchafu mweusi, na nilipofuta nikaona duara dogo lenye herufi likiisha chini ya kidole changu. Lilikuwa chapa ya karakana iliyoikarabati. Sikuweza kuisoma, na hakuna mtu atakayeisoma tena.

Vanishi inayong'aa, kwa upande mwingine, mara nyingi hutoka kwa kemikali ya kuondolea rangi na subira, bila msasa. Chini yake mafuta ya kitani ya zamani huwa bado yamo.

Kitako changu kimeunganishwa vipande viwili. Amekitengeneza nani?

Pengine kiwanda. Wajapani waliunganisha kitako cha Arisaka vipande viwili makusudi, kwa uimara na kuokoa mbao. Mafundi wa Finland waliunganisha mbao za Mosin kwa meno kama vidole vilivyofumana, kazi safi ajabu. Na K98k nyingi zilizopelekwa Marekani na askari zilikatwa mbao chini ya pete ya mtutu ili ziingie kwenye mfuko wa safari. Ukiirudisha pete, mkato haujionyeshi. Huo huunganishwa vizuri na hauishushi bunduki sana, mradi usifichwe anapouziwa mtu.

Kadhalika waya uliozungushwa mbele ya Lee-Enfield ya Ishapore. Ulifungwa na jeshi kuimarisha bunduki ya kurushia guruneti. Watu wameukata wakidhani ni ujinga wa mtu.

Ua la Arisaka yangu limesagwa. Nani aliniharibia?

Wajapani wenyewe, baada ya kusalimu amri mwaka 1945. Lile ua la petali 16 lilikuwa nembo ya mfalme wao, likasagwa kabla bunduki hazijakabidhiwa. Lililobaki kamili linatafutwa zaidi, lakini lililosagwa ni sehemu halali ya safari ya bunduki. Usiruhusu mtu achonge jingine.

Mkono wa bolti umekunjwa chini. Kuna tatizo?

Inategemea moto ulifika wapi. Mkono hukunjwa ili bolti isigonge darubini, na kazi hiyo hufanywa kwa joto kali. Fundi anayejua hufunga vipande vya chuma vya kunyonya joto kwenye mwili wa bolti. Asiyejua huelekeza moto tu. Futa mafuta kabisa na utazame bolti kwenye mwanga wa jua: rangi ya majani makavu, kahawia, zambarau au buluu inayosambaa kutoka shina la mkono kuelekea kwenye meno, au kwenye ule mteremko wa nyuma unaokaza pini, maana yake ni chuma kilicholainika. Kilicholainika huchakaa haraka, na meno hurudi nyuma kidogo kidogo kila mlipuko. Ila ujue rangi inaweza kuwa imesuguliwa ikaondoka. Ndiyo maana fundi hupima ugumu kwa chombo.

Naweza kuipiga?

Si kabla fundi bunduki hajaikagua kwa mikono yake. Najua jibu hili halipendwi. Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba marehemu baba aliipiga miaka 30 bila shida. Ilishikilia miaka 30, lakini ufa hauanzi siku unayouona.

Ukaguzi wa maana una hatua zake. Fundi atahakikisha mtutu uko wazi na hauna uvimbe. Ukitazama ndani, uvimbe huonekana kama pete ya kivuli. Atapaka rangi ya kupenya kwenye nyumba ya bolti na meno ili nyufa zijichore. Atapima nafasi iliyobaki kati ya uso wa bolti na ganda la risasi, kwa geji mbili: bolti inapaswa kufunga juu ya ile fupi na kukataa ile ndefu. Bolti ngeni, meno yaliyolainika au mtutu uliobadilishwa vibaya huongeza nafasi hiyo. Ganda hunyooka mpaka likapasuka, na gesi ya moto hurudi usoni mwa mpigaji.

Ile desturi ya kuifunga kwenye tairi na kuvuta kifyatulio kwa kamba haithibitishi chochote. Bunduki inaweza kuvumilia risasi ile na kupata ufa ambao risasi ya kumi itaumaliza, ukiwa umeiegemeza shavuni.

Aina nyingine zina kasoro ya kuzaliwa. Springfield ya 1903 yenye namba chini ya 800,000, au ya kiwanda cha Rock Island yenye namba chini ya 285,507, ilitengenezwa kwa chuma ambacho mafundi walikadiria joto lake kwa macho, na mwanga wa siku uliwadanganya. Baadhi zilitoka zikiwa ngumu lakini rahisi kuvunjika kama kioo, zikavunjika vipandevipande. Njia ilibadilishwa mwaka 1918. Huwezi kutofautisha nzuri na mbaya kwa kutazama. Krag nayo hufungwa kwa jino moja tu mbele, hivyo shina la jino hilo hukaguliwa kwa lenzi. Lee-Enfield iliyogongwa DP ilitolewa kwa mazoezi ya gwaride. Jeshi lenyewe lilikataa kuipiga.

Nitumie risasi gani?

Usiamini kilichoandikwa. Wageuzaji walipanua chemba bila kuandika lolote. Arisaka nyingi za mm 6.5 zilipanuliwa zitumie ganda la .257 Roberts lililoshikilia kichwa cha mm 6.5, kwa kuwa risasi za Kijapani hazikupatikana. Mauser za mm 7.92 zilipanuliwa zimeze ganda la .30-06 lililofunguliwa mdomo. Na K98k zilizopitia jeshi la Israeli hubeba risasi ya mm 7.62 ya NATO, kwa kawaida ikiwa imechomwa 7.62 kwenye kitako. Kitako kikibadilishwa, onyo limeondoka.

Dawa yake ni kuumba sura ya chemba. Fundi humimina aloi inayoyeyuka kwa joto dogo, ikiganda huitoa na kuipima. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na jicho.

Sasa ile ya 1888. Mitutu ya mwanzo ilichongwa kwa kichwa cha risasi cha takriban mm 8.1. Kuanzia mwaka 1905 jeshi la Ujerumani lilihamia kichwa cha takriban mm 8.2, chenye nguvu zaidi, lakini ganda ni lilelile na huingia bila ubishi. Kukisukuma kichwa kinene ndani ya mtutu mwembamba, kwenye bunduki ya mwaka 1888, ni kutafuta mlipuko. Herufi S kwenye chuma ilimaanisha imerekebishwa na jeshi, na hata hiyo ni dhaifu kuliko ya 1898. Martini-Henry na Snider ziliundwa kwa baruti nyeusi. Usizilishe baruti ya kisasa isiyotoa moshi.

Basi ina thamani gani?

Ipime kwa swali moja kwa kila badiliko: linarudi au halirudi? Kilengeo kilichoondolewa, mkanda, mbao, vanishi, hayo hurudi. Chapa zilizosagwa, matobo, mtutu wa asili uliokatwa, nikeli inayong'aa iliyopakwa juu ya chuma kilichosuguliwa mpaka herufi zikafifia, hayo hayarudi. Ile M1917 ya Kimarekani ilikuwa na masikio mawili makubwa ya kulinda kilengeo cha nyuma. Yaliposagwa kufunga darubini, hakuna kipande cha dukani cha kuyarejesha.

Yasiyorudi yakiwa mengi, mkusanyaji hataitaka nzima. Lakini bolti yenye namba, magazini, vilengeo na kifyatulio vya asili vinaweza kuwa ndivyo mtu mwingine anavyotafuta ili kukamilisha yake. Na ikiwa ni salama, inabaki bunduki ya uwindaji, inayostahili bei ya bunduki ya uwindaji iliyotumika. Nadra zaidi ni aina isiyopatikana: hapo hata iliyojeruhiwa huhifadhiwa.

Niirejeshe katika hali yake?

Mtutu ukiwa kamili na nyumba ya bolti haijatobolewa, ndiyo, kwa moyo wote. Tafuta mbao ya zamani ya kiwanda na kipindi kilekile, na kofia ya mdomo inayokaa bila kulazimishwa. Mtutu ukiwa umekatwa, piga hesabu kwanza. Vipande mara nyingi huzidi bei ya bunduki kamili. Usigonge namba upya. Usigonge chapa za wakaguzi. Katika nchi nyingi kubadili namba ni kosa la jinai, na hata pasipo sheria, unamtengenezea uongo mtu atakayeinunua baada yako. Andika ulichobadilisha kwenye karatasi, ikunje, iweke chini ya bamba la kitako.

Kutu je?

Mafuta mepesi, kitambaa, na kipande cha shaba laini. Kutu ya juu hutoka, rangi ya kale ya chuma hubaki. Msasa na brashi ya mashine huondoa vyote viwili. Ndani ya mtutu tegemea vishimo: risasi za zamani zilikuwa na viwashio vinavyoacha chumvi, na asiyesafisha kwa maji aliiacha chumvi hiyo itafune chuma.

Nataka kumtumia mjuzi picha. Nipige nini?

Mwanga wa dirishani, bila flashi. Bunduki nzima pande zote mbili, na rula pembeni. Nyumba ya bolti kutoka juu, kushoto na kulia. Bolti ikiwa nje, meno yakitazama kamera. Mdomo wa mtutu moja kwa moja. Kila chapa peke yake, hata nusu ya herufi. Chini ya mtutu kama umeifungua. Mahali mbao inapokutana na bamba la kitako. Usipake chaki wala rangi nyeupe kwenye herufi ili zionekane. Inama tu, sogeza taa ije kwa ubavu, na kivuli kitaijaza herufi chenyewe.